Rufiji ya Juu na Rufiji ya Chini: Historia Inayopitwa na Magari ya Watalii Kibiti

Magari ya watalii yanayotoka Dar es Salaam kwa Barabara ya Kilwa huenda takriban kilomita 140 hadi Kibiti, kisha hukata kulia. Njia hiyo inapita Mkongo na kuishia Mloka, jirani na lango la Mtemere la Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Kabla ya kufika Kibiti, pale Bungu, kuna njia nyingine inayokata kushoto kwenda Nyamisati, bandari ya delta wanakopandia wasafiri wa Mafia. Ya kulia inakwenda kwenye maziwa, viboko na simba. Ya kushoto inakwenda kwenye mikoko, kambamiti na bahari. Mto Rufiji ni ule ule mmoja, lakini wageni wengi huuona upande wa juu tu, wakaondoka bila kujua kwamba sehemu kubwa ya historia yake ilitendeka huku chini.

Tuanze huko juu, maana pana haki ya kupendwa. Maziwa ya Tagalala, Manze, Nzerakera, Siwandu na Mzizimia ni watoto wa Rufiji. Mto huu huzaliwa pale Kilombero na Luwegu zinapokutana, ukaongezewa nguvu na Ruaha Mkuu, ukajibana katika Korongo la Stiegler, halafu ukatoka ghafla kwenye tambarare ya mchanga. Hapo haukai mahali pamoja. Miaka ya mafuriko hujikatia mkondo mpya, na vipande vya mkondo wa zamani hubaki vikiwa maziwa yanayosubiri maji ya masika kila mwaka. Ndiyo maana mashina makavu ya mivumo yanaonekana yamesimama katikati ya maji: miti ilikuwa nchi kavu, mto ukaifuata.

Jambo la kufanya huko ni kupanda boti. Nenda asubuhi na mapema, au jioni jua likipoa, Tagalala au mtoni penyewe. Mamba watakuwa kwenye fungu la mchanga, viboko wamejazana kwenye vina, furukombe juu ya mivumo. Kutembea kwa miguu pamoja na askari wa wanyamapori ni sifa ya zamani ya eneo hili, na karibu na Tagalala kuna chemchemi za maji moto. Msimu mzuri ni Juni hadi Oktoba. Aprili na Mei udongo mweusi hunasa magari na kambi nyingi hufungwa.

Mgeni akiwa huko huonyeshwa kaburi. Liko Beho Beho, na aliyelala humo ni Frederick Courteney Selous, mwindaji wa Kiingereza aliyeuawa kwa risasi tarehe 4 Januari 1917 akipigana na Wajerumani, umri wake ukiwa umevuka miaka 60. Mwaka 1922 pori lote likapewa jina lake. Korongo nalo lilikuwa limeshachukua jina la Mjerumani, Stiegler, ambaye husimuliwa kuwa aliuawa na tembo mwaka 1907. Hivyo kwa karibu miaka mia moja mtu aliyesoma ramani ya Rufiji alisoma majina ya wawindaji. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori, kilomita za mraba 30,893, ikafanywa hifadhi ya taifa na kuitwa Nyerere. Jina lilibadilika. Masimulizi anayopewa mgeni hayajabadilika vya kutosha.

Yanaruka nini? Turudi mwaka 1896. Gavana wa Kijerumani Hermann von Wissmann alitoa amri ya uwindaji iliyotenga maeneo ya kwanza ya kuhifadhi wanyama katika koloni lake, na moja lilikuwa hapa Rufiji. Miaka miwili baadaye, 1898, serikali hiyo hiyo ikaigeuza mikoko ya delta kuwa msitu wa serikali na kuweka watu wake wa misitu Salale, humo humo katika delta. Ndani ya muda mfupi sana, mwenye mkuki huko juu na mwenye shoka huku chini wote wawili wakawa watu wa kuomba kibali. Uhifadhi wa Rufiji, tunaousifu leo na ambao mimi pia nautetea, ulianza kwa kuwafungia wenyeji mali yao. Mtembezaji anayeanza hadithi yake na kaburi la Selous huiruka sura hiyo yote.

Na mikoko ilikuwa mali kubwa. Delta ya Rufiji ina zaidi ya hekta 50,000 za mikoko, msitu mkubwa kuliko wowote wa aina yake katika pwani ya Afrika Mashariki. Mtu wa mjini husema mikoko kana kwamba ni mti mmoja. Mkata miti wa delta hasemi hivyo. Atakuonyesha mkoko wenye miguu mingi iliyopinda, mchu unaochomoza mizizi yake tope zima kama penseli, msinzi na mkandaa unaotoa boriti na mapau, mlilana uliozoea kukaa mbele kabisa baharini, mkomafi wenye matunda makubwa ya duara, na msikundazi wa upande wa maji baridi. Majahazi yalishuka na kaskazi kutoka Arabuni na Ghuba, yakapakia boriti hapa, yakarudi na kusi. Nchi zile hazikuwa na miti ya kujengea, na nyumba zao za zamani zilipata upana wa vyumba kutokana na urefu wa boriti za pwani yetu. Maganda nayo yaliuzwa kwa ajili ya kutengenezea ngozi, na biashara hiyo ndiyo Wajerumani waliitaka zaidi.

Biashara ya hapa ni ya kale kuliko majahazi hayo. Kitabu cha mabaharia wa Kigiriki cha karne ya 1, Periplus, kinataja Rhapta kuwa soko la mwisho la pwani hii, mahali penye pembe za ndovu na mashua za kushonwa kwa kamba. Mwanajiografia Ptolemy naye aliuweka mji huo karibu na mto. Wataalamu wamebishana kwa miaka mingi mji ulikuwa wapi. Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimba Mkukutu, hapa Kibiti, akapata shanga za kioo alizozihusisha na biashara ya dunia ya Warumi, na mwaka 1999 akachapisha matokeo hayo. Mjadala haujafungwa, ila tangu hapo hakuna anayeizungumzia Rhapta bila kuitaja Rufiji. Ningependa kila basi la wanafunzi linalopita Kibiti kwenda kutazama simba lisimame walau nusu saa na mwalimu awaambie hivyo.

Kisha kuna maji yenyewe, na mtu wa Ngarambe. Kinjikitile Ngwale aliishi Ngarambe, kusini mwa mto, na simulizi zilizokusanywa kwa wazee zinasema kwamba mwaka 1904 aliingia katika kidimbwi cha maji, watu wakamtafuta wasimpate, akatoka baadaye nguo zake zikiwa kavu. Aligawa maji kwa waliomjia. Walimjia kwa sababu pamba ya serikali ilikuwa inalimwa kwa viboko vya maakida na kodi ilidaiwa kwa nguvu. Mwishoni mwa Julai 1905 watu wa Matumbi waling'oa pamba kule Nandete, na vita vya Maji Maji vikaanza. Tarehe 4 Agosti 1905 Wajerumani wakamnyonga Kinjikitile pale Mohoro, mji wao wa kiserikali karibu na delta, ambao leo huandikwa Muhoro. Wengi wetu tumekutana naye darasani, katika tamthilia ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969, *Kinjeketile*. Wachache tumekwenda kusimama pale aliponyongwa, ingawa kutoka Daraja la Mkapa la mto Rufiji si safari ya siku nzima.

Miaka tisa baada ya Kinjikitile kunyongwa, delta ikaingia katika vita vya dunia. Manowari ya Kijerumani *Königsberg*, iliyofika Dar es Salaam Juni 1914, iliizamisha manowari ya Waingereza *Pegasus* bandarini Zanzibar alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914. Kisha ikapotea. Nahodha wake Max Looff aliiingiza katika mikono ya Rufiji kwa sababu injini zilikuwa mbovu na makaa yamekwisha. Mikoko iliificha. Vipande vya matanuri yake ya mvuke vilivutwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam vikatengenezwe, kisha vikavutwa kurudi. Waliovuta walikuwa Waafrika, maelfu yao, na vitabu vingi vinavyomtaja Looff kwa jina haviwataji wao hata mmoja.

Waingereza waliigundua mwishoni mwa Oktoba. Tarehe 10 Novemba wakaizamisha meli yao wenyewe, *Newbridge*, katika mkono wa Suninga ili kuziba njia. Haikutosha, kwani delta ina milango mingi: Simba Uranga, Kikunya, Kiomboni, Msala. Wakaleta ndege, jambo geni kabisa katika anga ya Rufiji. Wakaiteka Mafia Januari 1915, wakaifanya kituo. Mwisho wakavuta kutoka Malta manowari mbili za kina kifupi, *Severn* na *Mersey*, zilizokuwa zimeundwa kwa ajili ya mito ya Brazil. Zilishambulia tarehe 6 Julai zikarudi nyuma, zikaingia tena tarehe 11 Julai 1915, rubani akiwaelekeza wapiga mizinga kutoka juu. Looff akaamuru meli yake ilipuliwe.

Mizinga yake kumi, ya milimita 105, haikufa nayo. Ilitolewa majini, ikawekwa magurudumu na kuvutwa na Wajerumani kote walikopigana nchini. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, na mwingine Pretoria. Mabaki ya meli yaliuzwa kama chuma chakavu na kukatwa kidogo kidogo, na katika miaka ya 1960 yaliyobaki yakadidimia topeni. Anayekuja leo asitarajie kuona chuma. Atakachoona ni mkono wa mto wenye mikoko pande zote mbili, na ataelewa kwa nini jeshi kubwa la majini lilihitaji zaidi ya miezi minane kuimaliza meli moja mbovu.

Wenyeji nao waliendelea na mto. Wandengereko na Wanyagatwa wa delta, pamoja na Warufiji wa bondeni, walilima kwa kufuata mafuriko: mpunga maji yakija, mlau maji yakiondoka na kuacha udongo wenye rutuba. Walilala kwenye madungu, vibanda vya juu ya nguzo, wakifukuza ndege na nguruwe. Mafuriko makubwa ya 1968 yakaipa serikali sababu ya Operesheni Rufiji, na watu wakahamishiwa vijiji vya mwinuko. Operesheni ilifaulu kuhamisha nyumba, haikuhamisha mashamba, kwa hiyo watu wakaendelea kushuka bondeni kila msimu. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mkondo mkuu ulihamia upande wa kaskazini wa delta, ukapeleka maji baridi kwenye mikoko, na wakulima wakaufuata kwa mpunga. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ulikuja mradi mkubwa wa kufuga kambamiti katikati ya delta. Wanavijiji waliupinga hadi mahakamani, na haukujengwa. Mwaka 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa likaandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar wa ardhioevu.

Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970, lilifunguliwa mwaka 2003 na kumaliza enzi ya kusubiri kivuko pale Ndundu. Njia ya kusini ikawa fupi. Lakini mwaka 2017 jina la Kibiti lilisikika kwa mauaji ya viongozi wa vijiji na askari polisi, na watu wa huku waliumia mara mbili: kwa msiba, kisha kwa kuogopwa.

Sasa Korongo la Stiegler lina bwawa. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa kuzalisha megawati 2,115, lilianza kujazwa Desemba 2022 na mtambo wa kwanza ukawashwa mwanzoni mwa 2024. Hifadhi imepata ziwa jipya kubwa kati ya vilima, na bila shaka wageni watalipenda. Wasiwasi wangu uko kwa maziwa madogo ya chini, yakiwemo yale ya nje ya hifadhi kama Ruwe, Zumbe na Uba, ambako watu wa Rufiji huvua perege na kambare. Uhai wake ni mafuriko. Mafuriko ya Aprili 2024, yaliyofunika mashamba na nyumba Rufiji na Kibiti, yalionyesha kwamba mto huu bado haujawa wa kufunguliwa na kufungwa kama bomba. Namna maji yanavyoachiwa pale juu ni habari ya mvuvi wa Salale kama ilivyo ya mhandisi.

Ukitaka kuiona Rufiji ya chini, fika Nyamisati na uulize nyakati za maji kabla ya kuuliza bei. Wakati wa bamvua maji yakijaa mashua hupenya vijito ambavyo saa sita baadaye ni tope tupu. Chukua nahodha wa hapo hapo, pitia ofisi ya kijiji, na kwa kulala au kupiga picha ndani ya msitu zungumza na Wakala wa Huduma za Misitu. Kuanzia Oktoba hadi Machi ndege wahamaji kutoka Ulaya na Asia hujaa kwenye matope ya mdomo wa mto. Mwambie nahodha akutajie kila mti, na mlipe kama unavyomlipa mtembezaji wa hifadhini, kwa maana kazi ni ile ile.

Kwa wenye kampuni za utalii na halmashauri za Kibiti na Rufiji ombi langu ni moja: tengenezeni safari ya siku tatu inayoanza Tagalala, ikapita Mohoro na Mkukutu, na kuishia Nyamisati, na maelezo yake yaandikwe kwa Kiswahili kwanza.