Kinini: namna muti wa kenkina unavyotengeneza dawa chungu

Kenkina ni muti uliotoka milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Wabelgiji waliupanda Kivu wakati wa ukoloni, na mpaka leo kinini inatolewa ndani ya magome yake. Ule uchungu ni wa alkaloidi, vitu vyenye azoti ambavyo vinausaidia muti kujikinga na wadudu.

Kazi inafanyika kwa hatua. Muti unachukua triptofani, moja ya vitu vinavyojenga protini, unaigeuza kuwa triptamini. Halafu unaiunganisha na sekologanini, inazaliwa striktosidini. Hiyo nayo inabadilishwa tena na tena na vimeng'enya, mpaka inakuwa kinini. Wafaransa Pelletier na Caventou waliitenga mwaka 1820.

Magome hayana kipimo kimoja: aina ya muti na umri wake vinabadilisha kiasi cha kinini. Ndiyo maana kuchemsha magome nyumbani ni hatari. Kinini ikiwa kidogo, malaria haiponi. Ikizidi, masikio yanalia, sukari ya damu inashuka, moyo unapiga vibaya. Mwenye homa, zaidi sana mtoto ao mama mwenye mimba, apelekwe kituo cha afya, apimwe damu kwanza.