Viambishi vya Mwanzo na Asili ya Maneno

Mzaliwa wa pwani hutumia viambishi vya mwanzo tangu utotoni. Kuvipanga vitabuni ni kazi iliyokuja baadaye. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka 1850 akapiga chapa muhtasari wa sarufi. Mwaka 1862 Bleek, akilinganisha lugha za kusini mwa Afrika, alizipa ngeli hesabu kwa kufuata viambishi vyake. Steere naye akatoa kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja mwaka 1870.

Sisi walimu tulirithi orodha hizo, tukawakaririsha watoto wa madarasa ya kati: m, wa, ki, vi. Wakatoka na wimbo, wala si maneno. Kumbe shina moja latosha somo zima: mtu, kitu, jitu, utu. Ajuaye kuwa u- hutaja hali, atafahamu utoto, uzee na utumwa pasipo kuambiwa.

Lakini tahadhari yafaa. Mwanafunzi wetu mmoja aliondoa ki- katika kitabu, akabakiwa na tabu. Darasa likacheka, nasi tukatahayari, maana kanuni ile tuliitoa sisi. Kitabu ni neno la Kiarabu; asili yake ni herufi k, t na b, zilizomo pia katika katibu na maktaba. Waswahili waliposikia ki- mwanzoni, wakasema vitabu, kama visu na viti.

Basi mwalimu afundishe viambishi, na pamoja navyo safari ya kila neno.