Kasuku Wadogo wa Mbulu na Hanang, na Sanaa ya Kumlikiza Kinda

Mtu wa pwani anapotajiwa kasuku, aghalabu hukijia akilini kiumbe mmoja tu: yule wa kijivu mwenye mkia mwekundu, aliyeshuka na misafara kutoka misitu ya Kongo akaishia kuning'inizwa barazani, akifundishwa salamu na matusi kwa kadiri ya adabu za nyumba aliyomo. Huyo ndiye aliyetupa methali na masimango, hata mwanafunzi akariripo asichokielewa huambiwa amekuwa kasuku. Lakini bara ya Tanzania ina kasuku wengine, wadogo mno hata mtu aweza kumfumbata mmoja katika kiganja, na hao ndio waliosafiri mbali zaidi kuliko yule wa barazani. Kwao ni nyanda na miinuko ya kaskazini na kati, na wilaya za Mbulu na Hanang, zilizokuwa sehemu ya Mkoa wa Arusha hadi Mkoa wa Manyara ulipoundwa mwaka 2002, zimekaa baina ya makao ya aina zao mbili.

Aina ya kwanza huenea upande wa Serengeti, bonde la Eyasi na nchi ya kusini mwa Ziwa Victoria. Mwili wake ni wa kijani, shingo ya manjano inayokolea kuwa rangi ya chungwa kadiri inavyopanda usoni, mdomo mwekundu, na jicho limezungushiwa pete nyeupe kama aliyepakwa chokaa. Aina ya pili, yenye kichwa cheusi na ukosi wa manjano, ni ya upande wa Tarangire, Kondoa na Dodoma. Wataalamu huwaweka wote katika jenasi ya Agapornis, jina la Kigiriki lenye maana ya ndege wa mapenzi, kwa sababu dume na jike hukaa wamebanana ubavu kwa ubavu na kuchanuana manyoya kutwa nzima. Mkulima ambaye mtama wake umeshambuliwa na kundi lao huenda akawatafutia jina jingine.

Jina la kitaalamu la aina ya kwanza, Agapornis fischeri, lina kisa kinachoanzia hapa visiwani. Gustav Fischer, tabibu wa Kijerumani, alifika Unguja mwaka 1876, akatibu wagonjwa na kukusanya ndege kwa hamu ileile. Mwaka 1883 alikata nchi ya Wamasai akafika Naivasha. Mwaka 1885 aliondoka tena kuelekea Ziwa Victoria akiwa na kazi ya kumtafuta Wilhelm Junker, msafiri aliyekwama kaskazini kwa sababu ya vita vya Mahdi. Hakumpata, njia ya Buganda ilikuwa imefungwa. Alirudi Ujerumani na ngozi za ndege pamoja na homa, na homa ikamuua mwaka 1886. Mwaka uliofuata Anton Reichenow, mtaalamu wa ndege wa makumbusho ya Berlin, alizitangaza aina zote mbili kwa ulimwengu wa sayansi, na mmoja wa ndege akapewa jina la marehemu. Wapagazi waliozibeba ngozi hizo hadi pwani hawakuachiwa hata unyoya mmoja wa kuwakumbuka, na hilo si geni katika historia zetu.

Kwa miaka arubaini hivi ndege hao walikuwa vitu vya kabatini. Ni katika miaka ya 1920, Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza, ndipo walipoanza kusafirishwa wakiwa hai kwenda Ulaya na Marekani. Inasimuliwa katika vitabu vya wafugaji kwamba mwaka 1927 alifika Uingereza, pamoja na wenzake wenye kichwa cheusi, ndege mmoja aliyezaliwa porini akiwa wa buluu mahali ambapo wengine ni kijani na manjano. Wale wa buluu wanaouzwa madukani hivi leo katika miji ambayo haijawahi kuiona mbuyu wananasibishwa na huyo.

Hapo ndipo ilipozaliwa sanaa ninayotaka kuizungumzia. Ndege mzima aliyenaswa kwa wavu hazoeleki kwa urahisi. Huuma, hujipigiza kwenye waya, na huenda akafa kwa hofu kabla ya kufa kwa njaa. Wafugaji wakagundua kwamba njia ya kumpata ndege mpole ni kumchukua kinda aliyezaliwa tunduni na kumlisha kwa mkono. Kwa kitendo cha kumtoa katika kulishwa na kumfikisha kujilisha, lugha yetu ina neno zuri ambalo limeanza kusahauliwa: kulikiza. Wengi siku hizi husema kuachisha ziwa, na kwa mtoto wa mtu au ndama hakuna neno. Lakini kasuku hana ziwa. Mama na baba hutapika chakula kilicholainika na kukitia kinywani mwa kinda, na kinda hukihifadhi katika kifuko kilichoko kooni kabla hakijashuka tumboni. Kulikiza halimtaji mnyonyeshaji, hivyo lamfaa ndege pia.

Mayai hukaa siku ishirini na tatu hivi, na kinda hutoka akiwa kipofu na karibu uchi. Mfugaji humtoa kiotani akiwa na wiki mbili au pungufu, mara baada ya macho kufumbuka, na tangu hapo uji mwepesi wa nafaka ndio maisha yake. Kazi hii haina mchezo. Uji uwe na joto la nyuzi arubaini hivi za sentigredi: ukizidi huunguza koo na kuuchoma kile kifuko, ukipoa hugoma kushuka na kuchachia humo humo. Hulishwa kwa kijiko kilichokunjwa kingo au kwa bomba la sindano lisilo na sindano, na mlishaji hungojea kifuko kipungue kabla ya kukijaza tena, mchana na sehemu ya usiku.

Afikapo wiki ya sita manyoya yamekwisha jaa. Huanza kukigeuzia kichwa kijiko, na uzito wake hupungua kidogo, kana kwamba mwili unajiandaa kuruka. Mlezi asiye na uzoefu hubabaika na kumlazimisha. Mwenye pupa, anayetaka kumuuza, hukata uji ghafla akidai kwamba njaa itamfundisha. Wote wawili hukosea. Anachotakiwa kufanya ni kumtandazia mashuke ya ulezi na mbegu zilizolowekwa chini ya tundu, amwache azitawanye na kuzichezea mpaka siku moja apasue moja na kuionja, huku uji wa jioni ukiendelea kwa siku kadhaa. Porini mambo huenda hivyohivyo. Makinda huacha kiota wakiwa na wiki tano au sita, na wazazi, baba hasa, huendelea kuwalisha kwa muda huku wakiwaongoza kwenye nyasi zenye mbegu. Mlezi bora, kwa hiyo, ni yule anayemuiga baba ambaye hajapata kumwona.

Kumfundisha huja pamoja na kumlikiza. Hafundishwi kusema, kwani kasuku huyu ni nadra kutamka neno. Hufundishwa kupanda kidoleni, kurudi tunduni na kutouma. Mkono umjie kutoka mbele au chini, kwa maana kitokacho juu kwake ni mwewe. Akilelewa peke yake humwambata mtu kama mchumba. Akiwekewa mwenzake humsahau mtu huyo upesi. Kwangu mimi hapo pana jambo la kusikitisha. Upole tunaousifu ni upweke uliotengenezwa kwa makusudi.

Kiasi gani hasa ndege hufundishika? Swali hili lilijibiwa kwa kutumia ndege wetu. William Dilger wa Chuo Kikuu cha Cornell alichapisha mwaka 1962 matokeo ya kumpandisha Fischer na jamaa yake wa kusini-magharibi mwa Afrika, mwenye uso wa waridi. Fischer hubeba vijiti vya kujengea kiota mdomoni, kimoja kimoja. Yule wa pili huvichomeka katika manyoya ya kiunoni na kuruka navyo. Watoto wao walirithi mkanganyiko. Walijaribu kuchomeka, vikaanguka, wakajaribu tena. Iliwachukua miaka mitatu kuzoea kubeba kwa mdomo, na hata hapo waliendelea mara kwa mara kugeuza kichwa kuelekea kiunoni kana kwamba wanakumbuka jambo ambalo hawakuwahi kulifanya.

Huku nyuma, porini, hesabu ilikuwa ya aina nyingine. Kwa kuwa ndege wa kunaswa alikuwa rahisi kuliko kinda wa kulishwa, mahitaji ya nje yalikidhiwa kwa nyavu. Mwaka 1987 kasuku wa Fischer ndiye aliyekuwa ndege wa porini aliyeuzwa kwa wingi kuliko wote duniani, ilhali nchi yake ya asili ni pembe moja ya Tanzania. Baadaye usafirishaji wake halali ukasitishwa. Marekani ilitunga sheria ya kuzuia uingizaji wa ndege wa porini mwaka 1992. Umoja wa Ulaya ukafunga mlango mwaka 2005 kwa hofu ya mafua ya ndege na kuufunga moja kwa moja mwaka 2007. Tanzania ikapiga marufuku kusafirisha wanyamapori hai mwaka 2016. Mwaka 2022 ilitangazwa kwamba wafanyabiashara wangepewa miezi sita ya kumaliza wanyama waliobaki mikononi mwao, na tangazo hilo likasimamishwa karibu papo hapo. Makadirio ya idadi ya ndege hawa porini ni baina ya 290,000 na 1,000,000, na wanahesabiwa miongoni mwa walio karibu na hatari.

Matokeo yake ni kwamba kijana wa Katesh au Haydom akimtoa kinda mtini bila kibali anavunja sheria, wakati mstaafu wa London aweza kumnunua mjukuu wa mjukuu wa ndege huyo dukani, amekwisha likizwa na kufundishwa kupanda kidoleni. Sheria naiunga mkono. Bila yake huenda tusingekuwa na cha kuandika. Ila mauzo yale ya 1987 yalitajirisha watu ambao majina yao hayajulikani Mbulu, na sanaa ya kumlea kinda huyu imeandikwa kwa lugha nyingi kabla ya Kiswahili.

Wapo waliotoroka. Huko Naivasha, alikofika Fischer mwaka 1883 kabla hajamjua ndege atakayebeba jina lake, leo pana makundi ya kasuku hawa, chotara wa aina zote mbili, waliotokana na ndege wa vizimbani walioachiwa au kuponyoka. Wapo pia Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Wamechanganyika hata rangi ya kichwa haisemi tena ni wa nani, na asubuhi huonekana wakibeba vijiti mdomoni, kimoja kimoja.