Boma la Kale la Dar: Nyumba ya Wageni Iliyogeuka Ofisi

Wengi wenu mkivuka kutoka Unguja kuja Kariakoo kutafuta vitambaa vya harusi, mkishuka tu kwenye boti mnakimbilia bajaji. Na mimi nilikuwa hivyo hivyo. Siku moja boti ikachelewa, nikaamua kutembea Barabara ya Sokoine mpaka inapokutana na ya Morogoro. Hapo nikaona nyumba ikanifanya nihisi nimerudi Mji Mkongwe: kuta nene nyeupe, mlango mzito wa mbao wenye nakshi. Hilo ndilo Boma la Kale.

Lilijengwa mwaka 1866 hadi 1867 kwa amri ya Sayyid Majid bin Said, Sultani wa Zanzibar, alipotaka kuufanya mji mpya hapa palipokuwa na kijiji cha Mzizima. Kasri lake lilikuwa jirani, na nyumba hii ilikuwa ya kuwapokea wageni wake. Kasri halipo tena. Iliyobaki ni nyumba ya wageni! Tusisahau lakini kwamba soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 tu, kwa hiyo mji huu ulianza wakati watu bado wananunuliwa. Mlangoni nakshi zinaonekana. Majina ya waliobeba mawe hayaonekani popote.

Majid alifariki mwaka 1870. Ndugu yake, Sayyid Barghash, hakuwa na haja na mji huu, ukapoa. Wajerumani wakaingia mwaka 1887, na mwaka 1891 wakahamishia hapa makao makuu yao kutoka Bagamoyo. Nyumba ya wageni wa Sultani ikawa ofisi ya serikali, na Waingereza walipokuja nao wakaendelea kuitumia kwa kazi za serikali. Ndivyo ilivyopata jina la Boma, kama ofisi za serikali za wilaya nyingine zote bara. Na sisi wa mambo ya harusi neno hilo tunalo mpaka leo: mtu asipofunga ndoa msikitini wala kanisani, husemwa kafunga ndoa ya bomani. Nimeshona magauni ya maharusi wa bomani miaka yote hii, sikuwahi kujiuliza boma lenyewe ni nini.

Sasa nije kwenye ujenzi, ndipo iliponigusa. Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na dari imebebwa na boriti za mikoko. Boriti ya mkoko haiendi mbali, kama mita tatu hivi, ndiyo maana vyumba vya nyumba zetu za zamani ni virefu lakini vyembamba. Fundi cherehani ataelewa upesi: upana wa kitambaa ndio unaoamua gauni litakatwaje.

Chokaa hupatikana kwa kuchoma mawe hayo hayo ya matumbawe juu ya rundo la magogo, kisha kuyamwagia maji. Mimi naishi Wazo, chini ya kilima ambacho nacho ni mawe ya chokaa ya zamani za bahari. Pale yanachomwa na kusagwa kuwa saruji tangu mwaka 1966, miaka 100 baada ya Majid kuanza kujenga Boma. Jiwe ni la jamii moja, lakini tabia ni mbili. Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu na chumvi, na lipu ya chokaa huuacha upumue. Saruji huuziba. Maji yanabaki ndani, ukuta unavimba, na lipu ikidondoka inaondoka na uso wa jiwe. Ni kama kushona kiraka cha jinzi kwenye kanga iliyochakaa. Itakayochanika ni kanga.

Nalijua hili kwa uchungu. Nyumba ya bibi yangu kisiwani ilipoanza kuchubuka, mimi ndiye niliyetuma mifuko ya saruji kutoka huku Wazo, najiona mjukuu mwema. Fundi akapiga lipu nzuri, laini kama shuka iliyopigwa pasi. Masika ya tatu ukuta wa chumba cha bibi ukaanguka. Alhamdulillah alikuwa uani anapepeta mchele.

Boma lenyewe lilipata bahati ya kukarabatiwa kwa msaada wa Umoja wa Ulaya, likawa kituo cha urithi wa usanifu wa jiji, DARCH. Ndiyo maana safari hii niliingia bila barua wala foleni. Nilisimama ndani nikaweka kiganja ukutani. Ulikuwa mkavu, wa baridi, na nje jua la saa saba linawaka.

Bibi harusi wangu mmoja anataka kupigia picha kwenye ule mlango. Nimemwambia gauni lisiwe na mkia mrefu, na aje na viatu vya chini.