Maneno 37 yaliyowafungulia wasichana viwanja

Mwaka 1971, jaji mmoja wa jimbo la Connecticut, Marekani, alitupilia mbali ombi la msichana wa sekondari aliyetaka kukimbia mbio za nyika pamoja na timu ya wavulana. Hakumung'unya maneno. Mashindano, alisema, humjenga mvulana tabia, na tabia ya namna hiyo haihitajiki kwa wasichana. Wakati huo maneno kama hayo hayakumshtua mtu. Katika mwaka wa masomo wa 1971–72, wasichana waliochezea timu za sekondari nchini humo walikuwa 294,015, ilhali wavulana walizidi milioni 3.6.

Mwaka uliofuata ikapita sheria iliyokuja kuigeuza hesabu hiyo. Cha kushangaza ni kwamba walioitunga hawakuwa na michezo akilini.

Aliyelianzisha jambo alikuwa mwalimu aliyekosa kazi. Bernice Sandler alikuwa na shahada ya uzamivu na akifundisha kwa muda Chuo Kikuu cha Maryland. Nafasi za kudumu zilipopatikana idarani mwaka 1969, jina lake halikutajwa hata kwa moja. Alipomuuliza mwenzake sababu, akajibiwa kwamba kwa mwanamke, yeye ni mkali mno. Sandler akaenda maktaba. Katika ripoti moja, chini kabisa kwenye tanbihi, akagundua kwamba amri ya Rais Lyndon Johnson ilikuwa imekwisha kuwakataza wote wenye kandarasi na serikali kuu kubagua watu kwa jinsia. Vyuo vikuu vingi vilikuwa na kandarasi hizo. Kuanzia Januari 1970, yeye na wenzake wakafungua malalamiko dhidi ya vyuo takriban 250.

Malalamiko hayo yalimfikia Edith Green, mbunge wa Oregon, aliyeitisha vikao vya kuwasikiliza wanawake waliobaguliwa vyuoni. Pamoja naye alikuwa Patsy Mink wa Hawaii, ambaye ujanani alikataliwa na vyuo vya udaktari zaidi ya kumi kwa kuwa mwanamke, akageukia sheria, na mwaka 1964 akachaguliwa kuwa mwanamke wa kwanza asiye Mzungu katika Congress, bunge la Marekani. Katika Seneti mzigo wa kukipigania kifungu cha kuzuia ubaguzi huo ulibebwa na Birch Bayh wa Indiana. Green alikuwa mjanja: aliwaomba akina mama waliotaka kumpigia debe wanyamaze, maana kadiri wabunge watakavyokitazama kifungu hicho kwa juujuu, ndivyo kitakavyopita kwa urahisi.

Kikapita. Rais Richard Nixon alikitia saini tarehe 23 Juni 1972, na watu wengi hawakuwa na habari nacho, kwa sababu sheria hiyo hiyo ilikuwa na vifungu vya mabasi ya kuwachanganya wanafunzi weusi na weupe, na huko ndiko ugomvi ulikokuwa. Kifungu chenyewe, kinachojulikana kwa jina la Title IX, kina maneno 37 katika Kiingereza chake. Kinasema mtu asinyimwe nafasi wala kubaguliwa kwa misingi ya jinsia katika programu yoyote ya elimu inayopokea fedha za serikali kuu. Mpira hautajwi, wala riadha.

Wa kwanza kung'amua kilichojificha humo walikuwa wakuu wa michezo ya wanaume. Mwaka 1974 Seneta John Tower wa Texas alijaribu kuikinga michezo inayoingiza pesa, yaani hasa futiboli ya Kimarekani, isiguswe na sheria. Akashindwa. Kanuni za utekelezaji zilitoka mwaka 1975, na sekondari na vyuo vikapewa miaka 3 ya kujirekebisha. Wengi waliichukua miaka hiyo kuwa likizo.

Chuo Kikuu cha Yale ni mfano mzuri. Chuo hicho kilianza kupokea wanawake wa shahada ya kwanza mwaka 1969, na timu yao ya kupiga makasia ilikuwa miongoni mwa timu bora nchini. Mazoezi yalifanyika mtoni, mjini Derby, mwendo wa basi kutoka chuoni. Wakimaliza, wanaume walikwenda kuoga maji ya moto. Wanawake hawakuwa na bafu. Walikaa ndani ya basi wakiwa wamelowa, jasho na maji ya mto vikiwagandia mwilini katika baridi ya kipupwe, wakiwasubiri wenzao wamalize kuoga ili safari ya kurudi ianze.

Tarehe 3 Machi 1976, wanawake 19 wakiongozwa na nahodha wao, Chris Ernst, waliingia katika ofisi ya Joni Barnett, mkuu wa michezo ya wanawake, wakiwa na mwandishi na mpiga picha. Wakavua nguo. Vifuani na migongoni walikuwa wamejiandika jina la sheria kwa rangi ya buluu. Ernst akasoma tamko: hii ndiyo miili ambayo Yale inaitumia. Habari ikatokea katika New York Times. Uongozi uliokuwa umesikia ombi la bafu mara kadhaa bila kutikisika, sasa ukapata pesa za kulijenga. Mwaka huo huo Ernst akapiga makasia katika Olimpiki ya Montreal, ya kwanza kuwa na mchezo huo kwa wanawake.

Mahakamani mambo yalikwenda mbele na kurudi nyuma. Mwaka 1984, katika kesi ya chuo cha Grove City, Mahakama ya Juu ilisema sheria inaibana idara inayopokea fedha za serikali tu, si chuo kizima. Idara za michezo hazikuwa zikipokea fedha hizo moja kwa moja, kwa hiyo zikapumua. Congress ilirudisha meno ya sheria mwaka 1988, tena kwa kuipiku kura ya turufu ya Rais Ronald Reagan. Mwaka 1992 mahakama hiyo hiyo ikaamua kwamba mwanafunzi aliyebaguliwa anaweza kulipwa fidia, na hapo ndipo mawakili wa vyuo walipoanza kuisoma Title IX kwa makini.

Mlango uliofunguliwa na sheria hiyo haukuwafaa Wamarekani peke yao. Wanariadha wa kiume wa Afrika Mashariki walikwisha kuvizoea vyuo vya Marekani: Henry Rono wa Kenya alikuwa Washington State alipovunja rekodi 4 za dunia mwaka 1978, na Suleiman Nyambui wa Tanzania alitamba El Paso, Texas. Wanawake walichelewa, lakini walipokuja waliikuta hesabu inayowapendelea. Timu ya futiboli ya daraja la juu ilimeza ufadhili wa masomo 85, wote wa wanaume, na hakuna mchezo wa wanawake wenye kikosi kama hicho. Ili mizani isogee, michezo mingine ya wanawake ikapewa nafasi zaidi. Katika riadha, kwa miaka mingi chuo kiliruhusiwa kugawa ufadhili 18 kwa wanawake na 12.6 kwa wanaume. (Desimali si kosa la mpiga chapa, ufadhili mmoja uliweza kukatwa vipande na kugawiwa watu kadhaa.)

Makocha waliotaka kuzijaza nafasi hizo walijua njia ya Bonde la Ufa. Sally Kipyego, binti wa Marakwet, alitwaa mataji 9 ya vyuo vikuu akiwa Texas Tech, kisha medali ya fedha ya mita 10,000 London mwaka 2012. Sharon Lokedi alipitia Kansas, akashinda New York Marathon mwaka 2022, na mwaka 2025 akaweka rekodi ya njia ya Boston kwa saa 2:17:22. Boston hiyo hiyo iliwakubali wanawake rasmi mwaka 1972. Doris Lemngole wa Alabama ndiye mwanamke wa kwanza wa chuo kukimbia mita 3,000 kuruka viunzi na maji chini ya dakika 9.

Sheria ina walioumizwa nayo, au wanaoamini hivyo. Vyuo vingi vilifuta mieleka na jimnastiki ya wanaume, na makocha wa mieleka walikwenda mahakamani mwaka 2002 bila mafanikio. Lawama iliwaangukia wanawake. Ila anayetazama timu moja ya futiboli yenye wachezaji mia na ushei hahitaji darubini kuona nafasi zilikokwenda. Wanawake nao walipoteza kitu. Kabla ya 1972 zaidi ya asilimia 90 ya timu zao vyuoni zilifundishwa na makocha wanawake. Fedha zilipoingia, wanaume wakazitaka kazi hizo, na leo makocha wanawake ni chini ya nusu. Na tangu miaka ya karibuni wanafunzi waliobadili jinsia wamekuwa kiini cha mvutano mpya. Kila upande unaitaja Title IX kuwa ngao yake.

Mwaka 2018–19 wasichana katika timu za sekondari walifika zaidi ya milioni 3.4. Lakini katika miaka 50 ya kwanza ya sheria hiyo, adhabu kubwa iliyoandikwa ndani yake, ya kukinyima chuo fedha za serikali, haikuwahi kutolewa kikamilifu kwa chuo hata kimoja. Kilichopatikana kilipatikana kwa malalamiko, kesi, na wanafunzi waliokuwa tayari kuwaaibisha wakuu wao mchana kweupe.