Goti Linataka Muda: Kikombe, Orpul na Darasa la Denmark

Mwaka 2011 jina la Loliondo, katika wilaya ya Ngorongoro kaskazini mwa Tanzania, lilienea Afrika Mashariki nzima kwa sababu ya kikombe kimoja. Katika kijiji cha Samunge, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, ambaye wengi walimwita Babu, aliwanywesha watu dawa iliyochemshwa kwa mizizi ya mti ambao wenyeji huuita mugariga. Malipo yalikuwa shilingi 500. Foleni ya magari ilienda kilomita nyingi, na wenye uwezo walifika kwa helikopta. Wengi walibeba maradhi sugu, yale ambayo hospitali huyatuliza bila kuyamaliza. Kikombe kilinywewa mara moja tu, kutoka mkononi mwa Babu mwenyewe, kisha mgonjwa akarudi kwao na imani yake.

Katika wilaya hiyohiyo ya Ngorongoro, Wamaasai wana desturi kongwe zaidi, nayo imesimama juu ya wazo lingine kabisa. Orpul ni kambi iliyojitenga na boma, mara nyingi msituni, ambako wanaume, hasa morani, huchinja ng'ombe na kukaa siku kadhaa, wakati mwingine wiki kadhaa, wakila nyama na kunywa supu iliyochemshwa na magome na mizizi. Miongoni mwa miti hiyo ni olkiloriti, unaosifika kwa kutia mwili nguvu. Gemma Burford na wenzake, waliochapisha utafiti juu ya orpul mwaka 2001, waliieleza kuwa mfumo kamili wa afya: mtu huenda kujitibu, lakini pia huenda kujijenga kabla hajaugua. Kwa aliyekwenda Samunge, safari ilikuwa ndefu na tiba fupi. Kwa anayekwenda orpul, safari ni fupi na tiba ni ndefu.

Tofauti hiyo inamhusu sana mtu mzima ambaye goti lake linauma mwezi baada ya mwezi. Ni mfugaji anayepanda na kushuka vilima vya Loliondo, mkulima wa vitunguu wa Mang'ola, mwongoza watalii anayeteremka kreta, au mkazi wa Nairobi anayekimbia kila Jumamosi. Hajalazwa wala hajalemaa, lakini ngazi zinamsumbua na usiku hapati usingizi mzuri. Swali lake la kwanza ni lilelile walilokwenda nalo watu Samunge: dawa yake ni ipi? Mila nyingi za tiba, zikitazamwa kwa pamoja, zinamsogeza kwenye swali jingine: itachukua muda gani, kwa kipimo gani, na nitakuwa na nani?

Tuanze na Denmark. Mwaka 2013 Ewa Roos na Søren Skou wa Chuo Kikuu cha Kusini mwa Denmark walianzisha programu ya GLA:D kwa wenye maumivu ya goti na nyonga. Mgonjwa hupata kwanza mafunzo kuhusu kiungo chake, kisha hufanya mazoezi mara 12, mara mbili kwa wiki kwa wiki sita, pamoja na wenzake na chini ya mtaalamu wa fiziotherapia. Mazoezi yenyewe ni ya kawaida: kuinuka kitini, kupanda na kushuka kidato, kusimama kwa mguu mmoja, kuimarisha mapaja na nyonga. Jambo la kipekee ni jinsi maumivu yanavyotazamwa. Mgonjwa huyapima mwenyewe, kuanzia 0 hadi 10. Hadi 2 ni salama, hadi 5 yanavumilika, na yakizidi hapo zoezi hupunguzwa bila kuachwa. Kesho yake maumivu yawe yamerudi pale yalipokuwa.

Hoja ya Wadenmark inatokana na umbile la goti lenyewe. Gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, halina mishipa ya damu. Hupata lishe kutoka kwenye ute wa kiungo pale linapobanwa na kuachiliwa. Misuli ya paja nayo hupokea sehemu ya uzito ambao vinginevyo ungeliangukia goti. Kulipumzisha goti kwa miezi mingi kwa hiyo hulidhoofisha, na kulilazimisha ghafla hulitonesha.

Hospitali ilifika hapa baada ya kujihoji. Mwaka 2002 J. Bruce Moseley na wenzake wa Houston waliripoti matokeo ya wagonjwa 180: waliosafishwa goti kwa upasuaji hawakupata nafuu zaidi ya wale waliochanjwa ngozi tu wakiamini wamepasuliwa. Mwaka 2013 watafiti wa Ufini waliona hali kama hiyo kwa wagonjwa 146 wenye mchaniko wa meniskasi ya ndani, ile pedi iliyo kati ya mifupa ya goti, uliotokana na kuchakaa. Upasuaji haujapoteza heshima yake kwa sababu hiyo. Goti lililokwisha kabisa linaweza kubadilishwa, na Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, inatoa huduma hiyo hapahapa Tanzania. Kilichobadilika ni mpangilio: kisu kimesogezwa mwisho wa safari, mazoezi yamewekwa mwanzo.

Pwani, mzigo wa tiba uko kwenye mikono. Kwa karne nyingi watu wa Unguja, Pemba na Mombasa wameelezea maumivu ya viungo kwa lugha ya joto na baridi, wakirithi elimu ya tiba iliyovuka Bahari ya Hindi pamoja na Uislamu. Baridi yabisi hutibiwa kwa kurudisha joto: maji ya moto, mafuta ya nazi au ya ufuta, mafuta ya karafuu kutoka Pemba, na kukandwa na mtu anayejua misuli ilipojificha. Wengine hupigwa chuku. Mkandaji hamwambii mgonjwa ainuke kitini mara kumi. Yeye ndiye anayefanya kazi, mgonjwa analala. Hapo Pwani na Denmark zinapishana. Hata hivyo mkandaji mzuri humwita mgonjwa arudi kesho na keshokutwa, na kila mara huuliza wapi pameachia na wapi bado. Nafuu ya mkono kwa kawaida haidumu, lakini huja upesi, na goti lililotulia hukubali kutembezwa.

Uchina umeunganisha mambo ambayo Pwani na Denmark zimeyatenganisha. Taijiquan ni mwendo wa polepole, magoti yamekunjwa kidogo, uzito ukihama kutoka mguu huu hadi ule, pumzi ikifuata mwili. Mwaka 2016 Chenchen Wang na wenzake wa Boston walichapisha ulinganisho wa watu 204 wenye ugonjwa wa goti: kundi moja lilifundishwa taijiquan, jingine lilipata fiziotherapia ya kawaida. Baada ya wiki 12 makundi yote mawili yalikuwa yamepata nafuu inayolingana. Njia mbili zenye falsafa tofauti zilifika pamoja, nazo zote ziliwataka watu wahudhurie, wiki baada ya wiki.

Wilaya ya Karatu, jirani na Ngorongoro, nayo ina la kuongeza. Mwaka 2020 David Raichlen na wenzake walichapisha utafiti juu ya Wahadzabe, wawindaji wa huko kando ya Ziwa Eyasi. Walikuta kwamba Wahadzabe hupumzika takribani saa 10 kwa siku, karibu sawa na watu wa mijini. Tofauti iko kwenye namna ya kupumzika: mara nyingi huchuchumaa au kupiga magoti, na misuli yao ya miguu huendelea kufanya kazi kuliko ya mtu aliyeketi kitini. Miaka mitatu kabla, Ian Wallace na Daniel Lieberman wa Harvard walikuwa wamelinganisha mifupa ya Wamarekani wa zamani na wa sasa, wakaona ugonjwa wa goti umeongezeka zaidi ya mara mbili tangu katikati ya karne ya 20, hata baada ya kuzingatia umri na unene. Tafiti hizi mbili hazithibitishi kwamba kiti ndicho mkosaji. Hata hivyo, zikisomwa pamoja, zinatia shaka ile imani kwamba goti huharibika kwa kutumiwa tu.

Kukimbia nako kuna kipimo. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2017 ulikuta ugonjwa wa kuchakaa kwa nyonga na goti kwa asilimia 3.5 ya wanaokimbia kwa kujifurahisha, asilimia 10.2 ya wasiokimbia, na asilimia 13.3 ya wakimbiaji wa mashindano ya juu. Uvivu una gharama, na kupindukia kuna gharama.

Hakuna goti linalojulikana Tanzania kuliko la John Stephen Akhwari wa Mbulu, jirani na Karatu. Mexico City, Oktoba 1968, alianguka katika marathoni, goti likaumia vibaya, akaendelea akiwa amefungwa bandeji hadi akamaliza wa 57, wa mwisho kati ya waliofika, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia. Taifa linaikumbuka siku hiyo, na linafanya haki. Lakini chini ya miaka miwili baadaye, Julai 1970, Akhwari alikimbia marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh akashika nafasi ya tano kwa saa 2:15:05. Mexico inafundisha ushujaa wa siku moja, unaoyashinda maumivu kwa ajili ya nchi. Edinburgh inaonyesha kwamba goti lililoumia vile liliweza kurudi kazini. Mwenye goti sugu anahitaji zaidi somo la Edinburgh.

Tukizikusanya mila hizi, tofauti zake ni za kweli na hazifai kufutwa. Babu alitoa tumaini, na watu waliolikosa walilifuata kwa maelfu. Hatari ilikuwa kwa waliotupa dawa zao za hospitali wakidhani kikombe kimetosha. Orpul hutoa chakula, mapumziko na wenzi. Mkandaji hutoa nafuu ya leo. Uchina unatoa mwendo uliotulia. Denmark inatoa kipimo, nacho ndicho kilichofanyiwa majaribio mengi zaidi. Ukiacha kikombe, zote zinakubaliana kwamba maumivu yaliyokaa mwilini muda mrefu huondoka kwa muda mrefu pia, na kwamba mtu hapaswi kuupitia muda huo peke yake.

Kwa hiyo simshauri mzee wa Loliondo aache supu yake wala shangazi wa Pemba aache mafuta yake ya karafuu. Goti likivimba ghafla, likiwa la moto pamoja na homa, likikwama, au likishindwa kubeba uzito, aende hospitali bila kusubiri. Vinginevyo aongeze kipimo cha Denmark juu ya desturi aliyonayo: kiti imara, kidato kimoja, mara mbili kwa wiki, na wenzake wawili watatu watakaomuuliza asipofika. Wataalamu wa fiziotherapia ni wachache vijijini, lakini jamii zinazojua kukaa pamoja kwa ajili ya afya tunazo tayari. Mtaalamu mmoja akizifundisha mazoezi haya, zitaweza kuyaendeleza zenyewe.