Mpingo

Mpingo (Dalbergia melanoxylon) ni mti wa jamii ya mikunde, unaoota kuanzia Senegali hadi Msumbiji. Katika mkoa wa Lindi hupatikana kwenye misitu ya miombo na ya pwani, Kilwa, Liwale na Nachingwea.

Asiyeujua huupita bila kugeuka. Ni mti wa kimo cha wastani, shina lake limepindapinda, gome ni la kijivu na matawi yana miiba mikali. Majani hupukutika kiangazi. Maua ni madogo, meupe, yenye harufu nzuri. Maganda ya mbegu ni bapa na mepesi, hubebwa na upepo. Thamani yake imo ndani: chini ya ubao wa njano hafifu kuna kiini cheusi chenye wekundu wa zambarau, kizito hata huzama majini. Kiini hicho ndicho kinachochongwa vinyago vya Kimakonde na kutengenezewa klarineti Ulaya. Mti huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa.

Mganga hana haja na kiini. Dawa yake imo katika yale ambayo mvunaji huyaacha porini: mizizi, magome na majani. Mizizi huchemshwa, na maji yake hunywewa kwa maumivu ya tumbo, kisonono na ngiri. Hupewa pia wajawazito wanaohofiwa kuharibu mimba. Wenye mafua, kifua au maumivu ya kichwa hujifukiza moshi wa mizizi hiyo. Magome hutumika kusafishia vidonda. Maabara zimeona dondoo za mti huu zikizuia baadhi ya bakteria na kuvu, lakini hayo ni ya kwenye vyombo vya kioo, si mwilini mwa mgonjwa, na mjamzito anayetokwa damu mahali pake ni hospitali.

Mzizi uliojeruhiwa huchipua miche mipya, kwa hiyo jembe la mganga si adui mkubwa. Moto wa porini ndio adui: huunguza miche, na kwenye miti mikubwa huacha majeraha yanayooza hadi kiini kikabaki pango.

Uvunaji nao umewekewa utaratibu. Mwaka 2009 misitu ya vijiji vya Kikole na Kisangi, wilayani Kilwa, ilipata cheti cha FSC cha uvunaji endelevu. Tangu Januari 2017 mpingo umo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe vya porini vilivyo hatarini, na gogo lake haliruhusiwi kuvuka mpaka bila kibali.